Zamu za Bamvua

Mfumo wa wafanyakazi ulimjua Bi Sichana kwa mambo machache tu: namba, majina matatu, idara ya londri, kituo cha Kiwengwa, zamu ya asubuhi. Wanu alipoiandika namba ile kwenye dirisha la amri la kompyuta yake ya kazini, hayo ndiyo yaliyokuja, maandishi meupe juu ya buluu, kila sifa na thamani yake pembeni. Hapakuwa na sifa ya kusema kwamba Bi Sichana ni mama yake mdogo Wanu, aliyemlea tangu hajaanza skuli. Hapakuwa na sifa ya kusema kwamba ana kamba zake za mwani mbele ya hoteli hiyo hiyo anayoifulia mashuka. Na hapakuwa na pahala pa kuandika mwezi.

Mwezi ndio uliokuwa ukimtia Bi Sichana mashakani. Unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, maji yakapwa mbali. Kiwengwa yanakupwa asubuhi, wakati ule ule mashine za londri zinapowashwa. Mwanamke mwenye mwani hana budi kushuka siku hizo, avune uliokomaa na afunge mbegu mpya, maana yakishaingia maji mafu, yasiyokupwa mbali, kamba zake hatazifikia. Bi Sichana alishuka. Mashine ya alama za vidole ya mlango wa nyuma wa hoteli ikaandika kuwa hakuja kazini.

"Wameniletea barua ya pili," alimwambia Wanu kwa simu. "Ubwa kanipa huku kaangalia pembeni, utasema ananiachia mtoto wa watu nimshikie."

Ubwa alikuwa msimamizi wa londri.

"Na ya tatu, Mamdogo?"

"Ya tatu si onyo tena. Ya tatu ni nenda zako."

"Si ungemwomba akupe zamu ya jioni siku hizo?"

"Nshamwomba mpaka nimechoka. Anasema zamu zinapangwa na kompyuta mjini. Uongo wa wakubwa huo. Kompyuta itanijuaje mimi?"

Haukuwa uongo. Zamu za hoteli zilipangwa na skripti, programu ndogo iliyoandikwa na mtu ambaye alishaacha kazi, na mwenye kuiangalia skripti hiyo sasa alikuwa Wanu mwenyewe, katika ofisi ya kampuni iliyoko ghorofani, Malindi pale mjini, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani. Hakumwambia. Aliogopa kumpa mama yake mdogo tumaini ambalo pengine lingeshindikana. Ndivyo alivyokuwa: hata kwenye mikutano alikaa karibu na mashine ya kuchapia, ili sauti yake ikiwa ndogo pawe na kisingizio.

Siku ya pili alijaribu. Aliita namba ya Bi Sichana na kumtundikia sifa moja mpya, akaipa jina Bamvua na thamani yake kweli. Dirisha lilikubali. Alipoita tena, sifa ilikuwapo, imekaa chini ya zamu na idara kama kwamba ilizaliwa pale. Alifunga dirisha, akalifungua, akaita. Haikuwapo.

"Unamvisha nini huyo?" Zahor alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Alikuwa mkuu wa kitengo, mtu wa mzaha na mashati yaliyonyooka, aliyejua kuzungumza na wakubwa kuliko alivyojua kuandika amri.

"Sifa tu, kaka Zahor. Kwamba anakwenda pwani siku za bamvua, ili skripti ikimwona impe jioni. Wapo wengi londri."

"Mbona imepotea?"

"Ukiitundika kwa mkono inakaa na dirisha. Likifungwa inakwenda nalo."

"Basi usimtundikie mmoja. Itie kwenye aina nzima, kila mfanyakazi aje nayo."

"Ndivyo nnavyotaka. Ntaiweka kwenye faili ambalo dirisha hulisoma kila linapofunguliwa. Ila lazima faili lijue nani ana mwani na nani hana. Nlikuwa nafikiri niende Kiwengwa nikawaulize, niandike majina."

Alijiona amesimama mbele ya wanawake wa londri, mashine zinanguruma, na wao wanachekana: kasemaje huyo, mbona haskiki?

Zahor alicheka. "Wewe ukaulize watu? Wewe ukitaka chai unamwandikia mhudumu ujumbe." Akapiga funda la kahawa. "Na majina usiandike. Kesho utaambiwa umemwandika jamaa yako. Iache mashine ihesabu yenyewe. Mahudhurio si unayo? Anayekosa siku za bamvua na siku nyengine hakosi, huyo ana mwani. Ushamaliza."

Neno jamaa lilimchoma Wanu masikioni. Hapo ndipo angeweza kusema kwamba jamaa yupo. Lakini Zahor alishageuka na kikombe chake. Na kusema kweli Wanu alishusha pumzi, kwa sababu sasa hakuwa na haja ya kwenda kumwuliza mtu yeyote.

Aliiandika sifa hiyo kwa uangalifu wote aliofundishwa chuoni. Haikuwa ya kuhifadhi jibu. Ukiiuliza ilikwenda kuhesabu papo hapo: ilichukua mahudhurio ya miezi mitatu iliyopita, ikayapambanisha na siku za mwezi, kisha ikarudi na neno moja, kweli au si kweli. Aliiongeza kwenye aina nzima, kwa hiyo kila mfanyakazi aliyeitwa, awe mpishi au mlinzi, alikuja nayo. Alipoiuliza kwa watu wa londri, majina anayoyajua tangu utotoni yalishuka mbele yake: Sichana, Shadya, Bashira. Wote kweli. Aliyatazama mpaka macho yakamlengalenga machozi, akainamia kibodi ili mwenzake wa meza ya pili asione.

Zahor aliipeleka kwenye mkutano. "Kitengo changu kimeutia mfumo akili," alisema, na wakubwa wakafurahi. Karibu na mashine ya kuchapia, Wanu alifurahi pia.

Mwezi ule Bi Sichana aliingia jioni bamvua zima. Asubuhi alikuwa majini, saa nane alioga, saa tisa alikuwa anakunja mashuka.

"Ubwa katiwa imani na Mungu," alisema kwa simu. "Hata sijui nimemlainisha kwa neno gani. Nimempelekea pweza."

"Kasemaje?"

"Kapokea. Mtu kapelekewa pweza aseme nini tena?"

Wanu alicheka. Neno lilimfika mdomoni: si Ubwa, ni mimi. Akalimeza. Aliona jambo zuri linapendeza zaidi likikaa kimya, na tena aliogopa lisifike Kiwengwa nzima kabla ya jioni. Mwezi wa pili Ubwa alipelekewa pweza mwengine. Mwezi wa tatu pia, na Ubwa hakuwahi kusema kwamba hajui anachoshukuriwa.

Mwezi wa nne Bi Sichana alipiga simu asubuhi na mapema, wala hakungoja shikamoo.

"Ubwa kanigeuka."

"Kafanya nini?"

"Kanitia asubuhi, bamvua zima. Si mimi peke yangu. Shadya asubuhi, Bashira asubuhi, sote. Nimemwuliza kosa letu nini, ananitolea macho tu kama samaki wa mnadani."

"Nenda kazini, Mamdogo, nakuomba. Siku hizi chache tu. Ntaangalia."

"Utaangalia nini wewe? Joto hili lishauharibu mwani, umeanza kuoza, mweupe kama kucha. Nisipoukata sasa sitobakiwa hata na mbegu."

Wanu alikwenda ofisini bila ya kunywa chai. Alifungua dirisha, akaiita namba, akaiuliza sifa. Si kweli. Alidhani faili halikusomwa. Lilisomwa. Alidhani tarehe za mwezi zimekosewa. Hazikukosewa. Aliipitia mistari yake mmoja mmoja, na yote ilikuwa sahihi, na alipofika wa mwisho akaelewa.

Kwa miezi mitatu wanawake wa londri hawakukosa kazini siku za bamvua, kwa sababu zamu ziliwapisha. Na mashine iliambiwa imjue mwenye mwani kwa kukosa kwake. Ilitazama miezi mitatu nyuma kama ilivyofundishwa, ikaona watu wasiokosa, ikasema hawa hawana mwani, ikawarudisha asubuhi. Zamu nzuri ndiyo iliyoifuta sababu ya kupewa zamu nzuri.

Alimfuata Zahor chumbani kwake pale ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila ya kuitwa.

"Kaka Zahor, sifa ile haifai kuhesabiwa. Inatakiwa iandikwe, ikae. Niruhusu niweke majina leo."

Zahor alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa. Lakini zamu siku hizi zinapita kwa Bi Bahiya. Tulishamwambia mfumo umekamilika. Andika ombi, nitalipeleka."

"Bamvua halingoji ombi."

"Na mimi siwezi kwenda kumwambia tulichomsifia kimeoza. Andika, Wanu. Andika vizuri."

Aliandika vizuri. Ombi lilipofunguliwa na Bi Bahiya, mkuu wa wafanyakazi, maji mafu yalikuwa yameshaingia. Bi Sichana alikuwa ameukata mwani wake wote uliobaki. Na barua ya tatu ilikuwa mezani, pamoja na wito wa kikao. Shadya na Bashira walikosa vilevile, lakini wao hiyo ilikuwa barua yao ya pili.

Kikao kilifanyika Kiwengwa, kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo, penye harufu ya sabuni. Bi Bahiya alikaa katikati. Ubwa alikaa na kalamu. Zahor alikuja kueleza mfumo, na Wanu alikuja kwa sababu ndiye anayejua kuufungua. Bi Sichana aliingia na buibui lake la kwenda mjini, akamwona Wanu nyuma ya kompyuta, akataka kutabasamu, kisha akaona uso wake akaacha.

"Bi Sichana," alisema Bi Bahiya, wala hakusema kwa ubaya, "hoteli hii inawajali watu wa mwani. Tumeweka utaratibu maalumu, mfumo unawatambua wenyewe. Wewe haukutambui."

"Mfumo gani?"

"Wa kompyuta. Ndio unaopanga zamu."

Bi Sichana alimgeukia Ubwa. Ubwa aliitazama kalamu yake.

"Miezi mitatu mfululizo hukukosa bamvua hata moja," Bi Bahiya aliendelea. "Kwa hiyo unaweza kuja. Sasa nini kilichobadilika, ila umeamua tu?"

"Nlikuwa naingia jioni."

"Asubuhi au jioni, ulikuja. Ndivyo inavyoonyesha hapa."

Wanu alisikia sauti yake kabla hajajua kuwa ameifungua. "Si hivyo."

Wote walimtazama.

"Sema kwa sauti, mwanangu," alisema Bi Bahiya.

"Alikuja kwa sababu alipewa jioni. Sifa inahesabu kutokana na kukosa. Akipewa jioni hakosi, asipokosa sifa inasema hana mwani, ikisema hivyo anarudishwa asubuhi, na asubuhi hawezi. Si yeye aliyebadilika. Ni hesabu." Akaigeuza kompyuta iwaelekee. "Tazameni wenziwe. Wamekosa siku zile zile. Wote."

Bi Bahiya alionekana kama anaifuata njia ile hatua kwa hatua. Akamgeukia Zahor. "Ndivyo?"

Zahor alirekebisha kola yake. "Mfumo haukukosea, Bi Bahiya. Umehesabu kama ulivyoambiwa."

Ilikuwa kweli, na Wanu hajawahi kusikia kweli iliyomwacha mtu peke yake namna ile.

"Na wewe," Bi Bahiya alimrudia Wanu, "una uhakika gani kama huyu mama ana mwani? Mfumo unakataa. Uliwahi kumwuliza?"

"Sikumwuliza. Namjua."

"Unamjuaje?"

Nje mashine moja ya kufulia ilimaliza mzunguko wake ikatulia.

"Ni mama yangu mdogo."

Ubwa aliiweka kalamu mezani. Zahor aliinua nyusi, na kwa muda mfupi alionekana kama mtu aliyefunguliwa mlango wa kutokea.

"Ah," alisema Bi Bahiya. Uso wake ulikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyofunga kila kitu. "Basi mwanangu. Kaa."

Hawakumwuliza jambo jengine. Hata Bi Sichana aliposema, njooni pwani muone kamba zangu, Bi Bahiya alimjibu kwa upole kwamba kikao kinaangalia mahudhurio. Jina la Bi Sichana lilitolewa londri tangu siku ile.

Walitoka pamoja mpaka uani, penye mashuka yaliyoanikwa. Bi Sichana alipitisha mkono juu ya shuka moja, akalinyoosha pindo kwa mazoea, kisha akakumbuka akauondoa mkono.

"Kwa hiyo wale pweza," alisema.

"Ndio, Mamdogo."

"Ubwa kala pweza wangu bure." Alitaka kucheka ikashindikana. "Na we umekaa kwenye simu unaniuliza kasemaje."

"Nsamehe."

"Kwa nini hukuniuliza? Si mimi tu. Sote. Ungekuja hapa siku moja ukasema, nani ana mwani, tungeinua mikono."

"Nlitaka kuja. Niliona haya."

"Haya?" Bi Sichana alimtazama kama aliyeambiwa neno la lugha ngeni. "Mimi niliyekukogesha, unionee mimi haya? Ukaenda kuuliza mashine habari zangu?"

Wanu aliyatazama mashuka.

"Mimi ungeniuliza ningekwambia. Na mwakani ungeniuliza tena, ningekwambia vile vile. Mimi sisemi sina mwani kwa sababu tu nimepata zamu nzuri." Alijifunga vizuri mtandio wake. "Haya. Sasa mabamvua yote ni yangu."

"Na maji mafu?"

Kazi ya londri ndiyo iliyokuwa ya siku za maji mafu. Wote wawili walijua.

"Maji mafu ntakaa," alisema Bi Sichana, akashika njia ya kwao bila ya kumwambia Wanu twende.

Ofisini Malindi mambo yaliamuliwa upesi. Bi Bahiya alielekeza kwamba mwenye jamaa hotelini asiguse zamu. Zahor alilihamisha lile faili kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa hakujua kulibadilisha alilibakisha lilivyo. Wanu aliachiwa ruhusa ya kuangalia tu.

Ulipoandama mwezi mpya aliangalia. Shadya, kweli. Bashira, kweli. Walikuwa wamekosa bamvua lililopita, kwa hiyo mashine iliwakumbuka tena, ikawapa jioni. Watakwenda pwani kwa raha, watarudi kazini kwa wakati, hawatakosa hata siku moja, na miezi mitatu ikitimia mashine itawasahau. Na safari hiyo barua zao zitakuwa za tatu.

Aliandika namba ya Bi Sichana. Hakuna kilichokuja. Akaiuliza ile sifa hivyo hivyo, juu ya mtu ambaye hayupo. Alitarajia angalau makaripio mekundu, ambayo dirisha huyatoa mtu anapokosea. Halikukaripia. Lilimpa mstari mtupu na kumngoja aandike amri nyengine.

Alichukua simu. Alikuwa na namba ya Shadya tangu harusi ya bintiye, hakuwahi kuipiga. Aliipiga.

"Shikamoo Bi Shadya. Mimi Wanu."

"Wanu gani?"

"Wa Bi Sichana."

Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake na maji. "Marahaba."

"Bi Shadya, nlitaka kukuuliza." Akaipa mgongo meza ya mwenzake. "Nlitaka kujua kama unakwenda pwani siku za bamvua. We na wenzio. Kuna jambo la zamu nataka niwaambie, la mbele huko, mjitayarishe."

"Unaniuliza mimi?" Shadya alisema, kisha akaiondoa simu mdomoni akawaambia wenziwe jambo, na wale wengine wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. "Iulize mashine yako, mwanangu. Sisi tumo majini."

Simu ikakatwa. Wanu alibaki nayo sikioni mpaka mwenzake wa meza ya pili alipomwuliza kama anazungumza na mtu.

"Hapana," alisema.